Pikapu ya Mzee Wendell na Dereva Asiyejua Gia

Siku mliyoniaga mlinunua keki yenye picha ya spana, mkanidai hotuba. Nikasema asanteni, nikala keki. Mimi mtu wa Tanga, na mdomo wangu unafanya kazi vizuri zaidi ukiwa na kitu cha kutafuna. Lakini tangu nianze kukaa nyumbani mke wangu hana raha. "Bakari," ananiambia, "waandikie hao vijana wako wa gereji, maana hapa unanifungulia vitu ambavyo havijaharibika." Juzi nilifungua cherehani yake. Ilikuwa nzima, na sasa inatoa mlio. Basi nimekaa kitako, nawaandikia.

Sitawaeleza nilipanda cheo lini, wala gereji ilikujaje mikononi mwangu. Mambo hayo yana karatasi zake, na karatasi hazina harufu ya oili. Nitawaeleza habari za Mzee Wendell na Déo, na ile pikapu ya kijani mnayoiona kwenye picha juu ya mashine ya kahawa. Kila mwaka kuna mmoja wenu anayeniuliza, "Fundi, hii mliiuza?" Tuliiuza. Namna tulivyoiuza ndiyo habari yenyewe.

Nilianza kazi miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea ukingoni. Gereji ilikuwa hapa hapa Upper Marlboro, Maryland, ila ng'ambo ya barabara palikuwa bado na banda la kukaushia tumbaku, limeinama kama mtu anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Wateja wetu walikuwa wa aina mbili: wakulima wachache waliobaki, na watu wa mahakamani. Mkulima anakuambia gari limefanya nini. Wakili anakuambia gari limefanya nini, lini, mbele ya nani, na kwa nini kosa si lake. Mkulima ndiye aliyekuwa akilipa haraka, lakini tuyaache hayo.

Siku ya kwanza nilikuja na kifua mbele. Kwetu nilikuwa fundi wa mabasi, na watu wakinitafuta kwa jina. Mzee mmoja Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye mvi zilizokaa vizuri kama kofia, akatoka chini ya gari, akapangusa mikono, akasema, "Hujambo, bwana? Je, wewe ndiye fundi uliyetoka Tanga?" Niligeuka nyuma kuangalia nani kazungumza. Lo! Kumbe ni yeye mwenyewe, Mzee Wendell. Kiswahili alijifunza ujanani, madarasa ya jioni, kwenye chumba cha chini cha kanisa lake, enzi zile ambazo, kwa maneno yake, nywele zake zilikuwa haziingii kwenye kofia yoyote. Afrika hakuwahi kufika. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alikuwa hawezi kuomba kifaa bila kuanza na "je" na kumaliza na "tafadhali". Mpaka afike kwenye "tafadhali", mimi nyundo nimeshamwekea mkononi.

Nilitoa sanduku langu la vifaa kwa majivuno. Hakuliangalia. Akanipa bisibisi moja ndefu, akawasha gari la wakili fulani, akasema, "Funga macho." Ndiyo ilikuwa shule yangu. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini unauweka kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, unasikiliza. Beringi inayokufa inasaga. Vali iliyolegea inagonga kama jirani mwenye haraka. Pampu ya maji ikichoka inalia. "Macho yanapenda kuamini," aliniambia. "Masikio yana subira." Asubuhi ile nilikosea mara nyingi hata kifua kikarudi mahali pake. Nyinyi siku hizi mnachomeka kompyuta inawaambia kila kitu. Sawa, sibishi. Ila kompyuta haijawahi kuniambia kwamba mteja anadanganya.

Alikuwa na utaratibu wake, na mpaka leo mnaniona nikiufuata. Kila nati unayoitoa unaichomeka kwenye kipande cha kadibodi, kwa mpangilio ule ule ilivyokaa kwenye injini. Spana hairudi kwenye droo bila kufutwa. Mteja hasikii neno "basi" mpaka gari limepoa na kuwashwa tena. Nilipouliza kwa nini, alisema gari lenye joto linajikausha machozi. Mimi nilidhani ni maneno ya kitabuni. Wiki iliyofuata gari la mkulima mmoja likatuaibisha barabarani, likavuja kila mahali, na mimi ndiye niliyekuwa nimesema basi.

Kesi ngumu kuliko zote haikuwa ya injini. Karani mmoja wa mahakama alileta gari linanuka. Alikuwa amebadilisha mazulia na kununua manukato ya kutundika kwenye kioo, kila rangi, mpaka kioo kikawa kama duka la shanga. Mzee alizunguka na bisibisi yake, akakiri kwamba masikio hayamsaidii. Mimi niliingiza kichwa mlangoni, nikavuta pumzi moja, nikasema, "Kaa." Mtoto wa pwani hadanganywi. Karani alikuwa amenunua kapu zima la kaa kwa sherehe ya ofisini, kama wafanyavyo watu wa Maryland wakati wa joto, na mmoja akatoroka, akajipenyeza kwenye njia ya hewa chini ya kiti, akafia humo. Tulimtoa kwa koleo. Mzee Wendell alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na kuanzia siku ile alinihesabu kuwa mtu wa gereji.

Mwaka uliofuata akaja Déo. Mkongo wa Bukavu, mnene, mpole, fundi wa bodi na rangi. "Mi ni mutu ya rangi," alituambia. "Injini siingiliake." Na kweli hakuingilia. Ukimpa mlango uliobonyea, anaunyoosha kwa nyundo ndogo kama anabembeleza mtoto, anapaka puti, anapiga msasa, anapuliza rangi, na mwisho wake huoni pa kushika kasoro. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza kwao alikuwa anafanya nini, anajibu, "Kazi." Mzee Wendell alimpenda upesi. Walikuwa wakila chakula cha mchana pamoja kwenye benchi, mmoja na Kiswahili cha pasi, mwingine na Kiswahili cha Kivu, kila mmoja akidhani ni mwenzake anayekosea.

Sasa pikapu. Ilikuwa ya tani moja, ya miaka ya hamsini, tairi nne nyuma, sakafu ya mbao, na boneti pana kama paji la ng'ombe. Baba yake Mzee Wendell aliinunua mpya kwa ajili ya kubebea tumbaku, na akamlipa mchoraji aandike jina lake mlangoni kwa brashi. Rangi ya kijani ilikuwa ile ile ya kiwandani, imefifia bila kubanduka. Haikuwa pambo. Ndiyo iliyotuvutia magari mabovu na kutuletea vipuri, ndiyo iliyosukuma theluji mbele ya mlango. Siku zile watu walikuwa na hofu kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitachanganyikiwa, na kijana mmoja wa bima akaja kutuuliza kama magari yetu yako tayari. Mzee akamwonyesha pikapu. "Hii haina hata kitu kimoja cha kuchanganyikiwa," alisema.

Gia zake zilikuwa za kizamani, za kubembelezwa. Ukitaka kushuka gia unakanyaga klachi, unaitoa gia, unaachia klachi, unapiga gesi, yaani mafuta, kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaiingiza nyingine. Ukikosea, meno yanasagana mpaka mbwa wa mtaa wanaitika. Mzee Wendell alikuwa anafanya hivyo huku anaongea habari nyingine kabisa.

Kisha macho yake yakaanza kuondoka. Ni presha ya macho, wakamwambia, na imechelewa. Mwanzoni alikuwa akishika nati kwa kupapasa, nasi hatukuona ajabu, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha. Lakini asubuhi moja aligonga sanduku la barua la jirani, lile la kwenye nguzo kando ya barabara. Aliteremka, akapiga magoti, akawa anapapasa majani. Nilipomfikia alikuwa bado anatafuta. Alikuwa amedhani ni mtoto. Leseni aliirudisha mwenyewe siku ile ile, hakuna aliyemlazimisha.

Binti yake, Denise, alikuwa anaishi Springfield, huko Virginia ng'ambo ya mto, kwenye zile nyumba zilizoshikana zisizo na ua. Akaja, akapanga: baba ahamie kwake, pikapu iuzwe kabla hajahama, kwa maana ikibaki ataiendesha. Denise hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Alikuwa analia huku anapanga. Na mzee alikubali kila kitu. Ila mchana mmoja, Déo akiwa ametoka, aliniita pembeni.

"Bwana Bakari, binti yangu ameninunulia kiti. Ukikiegemea, kinakuinua miguu. Ni kizuri mno."

"Hongera, mzee."

"Ninakiogopa," akasema. "Nikikaa pale sitainuka tena."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichokuwa kinauzwa si gari peke yake. Mtu huyu tangu utoto hakuwahi kuamka asubuhi bila kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono yake, na sasa mikono ilikuwa mizima na kazi inakwisha. Nikifika asubuhi nilikuwa namkuta amekaa ndani ya pikapu, injini imezimwa, anabadilisha gia. Moja, mbili, tatu, anarudi mbili. Nilikuwa najifanya sijamwona, naenda kuchemsha kahawa.

Denise akapata mnunuzi haraka. Alikuwa mkusanyaji wa magari ya kale, kutoka huko Virginia kwenye mashamba ya farasi. Alikuja siku moja, akaizunguka pikapu kwa hatua za mtu aliyeingia msikitini. Alisema hajaona iliyotunzwa namna ile. Aliahidi kuiweka kwenye ukumbi wenye zulia, joto linapimwa, jua halifiki.

"Je, utaiwasha?" mzee akamuuliza kwa Kiingereza chake, ambacho nacho kilikuwa na "je" ndani yake.

"Hapana, bwana. Mafuta yote tutayamwaga. Itadumu milele."

"Vizuri," mzee akasema, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Ikawa imekubaliwa: mnunuzi atakuja kuichukua Jumatatu.

Jumamosi ile na Jumapili mimi nilikuwa Wheaton kwenye harusi ya Watanzania wenzangu, nimeshika sufuria za pilau. Gereji alibaki nayo Déo. Hakuna aliyemwambia lolote kuhusu pikapu zaidi ya kwamba imeuzwa, kwa sababu hakuna aliyedhani kuna haja. Sasa nyinyi mliozaliwa huku itabidi niwaeleze. Kwetu, kuanzia Tanga mpaka Bukavu, gari likiuzwa linapigwa rangi. Hulikabidhi na mikwaruzo yake, hiyo ni dharau kwa mnunuzi na aibu kwa mwenye gari. Watu wanasema, mzee huyu kachoka mpaka ameshindwa kuogesha gari lake. Déo alimpenda mzee. Basi akafunga milango, akawasha kompresa, akafanya alichokijua.

Jumatatu tukakusanyika uani: mzee, Denise, mnunuzi na lori lake la kubebea, na mimi. Déo alikuwa amevaa shati jeupe. Alisimama mbele ya pikapu iliyofunikwa turubai, kama bwana harusi.

"Motokari ya kuuzisha haiendake chafu," alisema, akavuta turubai.

Ilimetameta. Kijani kibichi, kinang'aa kama sahani mpya ya bati. Nilikuwa karibu nipige makofi, nawaambia ukweli, kwa sababu kazi ilikuwa safi kupita kiasi. Kisha nikamwona mnunuzi ameshika kichwa kwa mikono miwili. Alichokuwa ananunua, alisema, ni ile rangi kuukuu. Ile iliyofifia, yenye mikwaruzo ya mabua ya tumbaku na jina lililoandikwa na mchoraji wa zamani. Pikapu zilizopakwa rangi mpya ziko tele, hazihitaji. Hakutukana, hilo namsifu. Alipanda lori lake tupu akaondoka, na Denise akaanza kupiga kelele.

Kiingereza cha Denise kilikuwa kinakwenda haraka na cha Déo kilikuwa kidogo, lakini alielewa. Niliona uso wake ukielewa polepole, kutoka kwenye kutabasamu mpaka chini kabisa. "Papa," alimwambia mzee, maana kwao baba ni papa, "papa, nilizania..."

Mzee Wendell alikwenda mlangoni mwa pikapu, akaweka kiganja mahali lilipokuwa jina la baba yake. Herufi zile za brashi zilikuwa nene, na tangu macho yalipoharibika alikuwa na tabia ya kuzipitishia vidole akiingia na akitoka. Akapapasa juu, akapapasa chini. Palikuwa laini kote.

"Nani amefanya kazi hii?" akauliza.

"Ni mi, papa."

"Ni kazi nzuri," mzee akasema. "Hakuna mchirizi hata mmoja." Kisha akaingia ofisini, akafunga mlango, na hakutoka mpaka jioni Denise alipokuja kumchukua.

Tukaweka tangazo upya. Wakaja watu. Mmoja alitaka injini tu, bodi atupe. Mwingine alitaka kuiegesha mbele ya duka lake, ajaze udongo nyuma na kupanda maua. Alituonyesha na picha ya maua yenyewe. Mzee alikuwa anawasikiliza wote kwa adabu huku amekunja ngumi mifukoni, na siku ya kuhama ilikuwa inasogea. Déo hakuwa anakula. Anakaa kwenye benchi, anafungua chakula chake, anakifunga.

Siku moja Denise akiwa amekuja, Déo akasimama, akafuta mikono, akasema, "Nitainunua mi."

"Wewe?" Denise akasema. "Wewe uliyeiharibu?"

"Mi mwenyewe. Nitaitumikisha."

Bei sitaitaja. Denise akamgeukia baba yake akitegemea atakataa. Mzee aliinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo akisikiliza injini. "Kwanza aendeshe," akasema.

Tukapanda watatu. Déo kwenye usukani, mzee katikati na mkono wa gia uko baina ya magoti yake, mimi mlangoni. Ya Rabi! Sijawahi kusikia gari likiteswa namna ile. Déo alipoingiza gia ya pili ilisaga, ya tatu ikalia, na kwenye kilima cha kwanza alipotaka kushuka gia pikapu ilitoa mlio wa ng'ombe anayechinjwa. Nilimwona mzee anakunja uso kila mara kama anang'olewa jino. Akavumilia kilima kimoja. Kwenye cha pili uvumilivu ukaisha, akampiga Déo kofi mkononi, akaushika mkono wa gia yeye mwenyewe.

"Wewe shughulika na miguu! Kanyaga! Achia! Gesi, kidogo, kidogo nimesema! Kanyaga tena!"

Gia ikaingia bila sauti. Tukapita banda la kwanza la tumbaku, la pili, tukakunja kona. "Kanyaga! Achia!" Déo anashika usukani na kukanyaga, mzee anasikiliza na kuingiza. "Safi. Subiri. Subiri, bado inalalamika. Sasa!" Alikuwa ameinuka kwenye kiti, jasho linamtoka, kofia imekaa upande. Tangu lile sanduku la barua sikuwa nimemwona hivyo. Tuliporudi uani aliteremka, akashikilia boneti kupata pumzi.

"Denise, mwanangu," akasema, "huyu bwana hajui kuendesha hata kidogo. Mpe."

"Daddy, hilo halina maana yoyote!"

"Nimesema mpe."

Mzee akahamia Springfield kwenye kile kiti. Lakini kila Jumanne na Ijumaa Déo alikuwa anavuka mto na pikapu kwenda kumchukua, kwa sababu, alivyomweleza Denise kwa upole wake wote, bila papa gari haliendi. Kulikuwa na sharti moja tu, kwamba usukani baba hashiki. Walikuwa wanapita kwenye ule msongamano wa barabara za Springfield zilizokuwa zimeanza kuvunjwa na kujengwa upya, wanakwenda mwendo wa ng'ombe, watu wanawapigia honi kushoto na kulia. Mzee alidhani wanaisifu pikapu. Akawa anawapungia mkono, na Déo hakuwahi kumsahihisha.

Walibeba kila kitu. Vipuri vyetu, viti vya harusi, makabati ya Wakenya wanaohama Wheaton, mapipa ya watu wanaotuma vitu nyumbani. Mteja akiita, wanakwenda wawili, na kutoka mbali ungesikia, "Kanyaga! Achia!" Gereji nzima tulimtania Déo. Tulimwita dereva nusu. Mimi, kwa ujuaji wangu, nilijitolea kumfundisha kwa siri, nikamchukua jioni kwenye uwanja wa nyuma, nikamweleza hatua kwa hatua. Akasaga gia zile mpaka nikateremka nikaondoka zangu kwa miguu. "Kichwa yangu haishikake," aliniambia, anatabasamu. Nikamwambia mzee kwamba mwanafunzi wake ni jiwe. Mzee akasema, "Mwache tu, bwana Bakari."

Ilikwenda hivyo msimu mmoja wa baridi, ukaja wa pili. Mzee alikuwa haoni tena ila mwanga, lakini mashavu yalikuwa yamemjaa. Denise alikuwa anamfungia chakula cha watu wawili. Siku za pikapu baba yake alikuwa anaamka kabla ya kila mtu, aliniambia, anakaa mlangoni amevaa koti, na ile siku ya kwanza aliyomkuta hivyo alirudi chumbani akalia kwa furaha. Alifariki Jumatano moja ya masika, usingizini, kitandani kwake. Jana yake walikuwa wamebeba friji.

Kanisani kwake palijaa. Déo alivaa suti ya kuazima, imembana mabegani. Denise mwenyewe ndiye aliyeomba pikapu ifuate gari la jeneza mpaka makaburini, akapanda humo na Déo, wakaenda polepole kwa gia moja, na sisi tukafuata nyuma kwa magari mengine. Tulimzika. Wakati wa kurudi Denise alichukuliwa na shangazi zake, na mimi nikaona si vizuri Déo arudi peke yake. Nikapanda. Nikajisogeza katikati, nikajiandaa kwa ule mlio, nikasema moyoni leo gia nitamwingizia mimi. Nikapeleka mkono.

Déo akauondoa mkono wangu taratibu, akauweka juu ya goti langu. Akakanyaga, akatoa, akaachia, gesi kidogo, akakanyaga, akaingiza. Hakukuwa na sauti hata ya nzi. Kwenye mteremko wa makaburini akashuka tatu, akashuka mbili, akakunja kona, akapanda tena, kama mtu anayekunja shuka zake mwenyewe.

"We Déo!" nikasema. "Umejua lini?"

"Mbele ya kuja huku. Mi nilikuwa naendeshaka kamio Bukavu mpaka Uvira, mu ile milima. Vitesi zilikuwa njo hizi hizi."

Lori, yaani, na gia zile zile. Nikakumbuka utani wetu wote, na uwanja wa nyuma, na Déo akivuka mto peke yake bila mimi kujiuliza gia anaziingizaje, na misimu miwili ya kufokewa na mzee kwenye kila taa na kila kilima.

"Kwa hiyo siku ile ya majaribio..."

"Nilifuta jina ya baba yake ku mlango," Déo akasema, macho yako barabarani. "Sikukuwa na kitu ingine ya kumupa."

Tulifika kwenye taa, tukasimama. Nilimuuliza kama mzee alikufa bila kujua. Déo akajifuta uso kwa mkono wa ile suti ya kuazima.

"Alijua siku ya kwanza. Wakati alinipatia funguo, alinivuta karibu na sikio, akanisemea na kile Kiswahili yake ya mu kitabu: 'Endelea kukosea, mwanangu.'"

Taa ikawaka kijani. Hatukuondoka. Tulikaa pale tunalia wote wawili, wanaume wazima na suti zetu, mpaka ikarudi nyekundu.